Usiku mzima ndani ya basi, ugenini: mwongozo kwa msafiri anayetokea Tanga

Duka langu la vitambaa liko Ngamiani, na nilianza kufuata mzigo Nairobi na Kampala kwa basi mwanangu wa kwanza akiwa chekechea. Sasa yuko kidato cha nne. Kwa hiyo mtu akipata safari hupita dukani kuniuliza, na maswali ni yale yale. Nitalalaje? Nikibanwa njiani? Pasi niiweke wapi? Mbona shoga yangu alirudi miguu imevimba? Nimeona niyaandike yote, kwa sababu wengine huja kuuliza jioni wakati tiketi wameshakata na siti mbaya wameshaichukua.

Si ajabu sisi wa huku kuuliza. Kwetu Tanzania mabasi ya usiku yalizuiwa miaka mingi mpaka yaliporuhusiwa tena 2023, hivyo wengi tumezoea basi la alfajiri linalokufikisha jua bado lipo. Usiku wetu wa kwanza barabarani mara nyingi unatukuta nchi ya watu. Tanga mpaka Horohoro ni kama kilomita 65, unavuka Lunga Lunga, unaingia Mombasa mchana. Hapo ndipo kazi inaanza: Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, saa nane mpaka kumi. Nairobi hadi Kampala ni kama kilomita 650, na pamoja na mpaka katikati hesabu saa kumi na mbili mpaka kumi na nne.

Katika safari zangu zote, aliyeteseka usiku karibu kila mara aliharibu mambo yake mchana. Aliharibu siti, akaharibu tumbo, akasahau kitu kwenye buti. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kabla ya kupanda.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasi ya kusafiria, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Utawaona Wakenya na Waganda wakivuka baina yao kwa vitambulisho, usidhani na wewe umo. Mtoto naye awe na hati yake.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ianze kuhesabika inahitaji siku 10, kwa hiyo usichanje jana ukasafiri leo. Ukishachanja mara moja, tangu 2016 kadi hiyo inatambulika maisha yako yote, hata kama ni ya zamani.
- Kanga mbili au kikoi kizito, sweta, soksi nene. Hili la sweta nitalirudia.
- Chupa ya maji ya nusu lita, tishu, limau moja au kipande cha tangawizi mbichi.
- Kopo dogo lenye mfuniko unaobana. Ni la kutapikia. Watu hubeba mfuko wa nailoni, lakini Kenya imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017 na kwetu tangu Juni 2019, na isitoshe mfuko hutoboka.
- Sarafu za Kenya za shilingi 10 na 20 kwa ajili ya vyoo.
- Simu yenye chaji na pawabenki. Usitegemee chaji ya kwenye siti hata kama wakala amekuonyesha picha.
- Kibegi kidogo cha kuvaa shingoni au kiunoni, ndani ya nguo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siti, usipewe siti.

Nenda ofisini kwao mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, na omba uonyeshwe mchoro wa viti. Uliza kwanza kama basi ni mbili kwa mbili au tatu kwa mbili. Tatu kwa mbili usiku mzima ni adhabu, hasa ukiwekwa katikati. Kama tofauti ya nauli unaimudu, lipa.

Kisha chagua siti iliyo katikati ya basi, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Juu ya tairi kila tuta utalihesabu kwa uti wa mgongo. Siti ya nyuma kabisa hurusha, na mara nyingi haina pa kulalia kwa sababu nyuma yake ni ukuta. Karibu na mlango kuna upepo na watu wanaopanda na kushuka. Mbele kabisa kuna taa.

Upande nao una maana. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari yanayokuja hupita upande wa dereva, na taa za malori zitakumulika macho usiku kucha. Mimi hukaa upande wa kushoto, ule wa mlango, dirishani. Dirisha linakupa pa kuegemeza kichwa. Lakini kama una miguu mirefu, au kibofu chako hakina subira, chukua siti ya njiani usije ukamruka mtu kila mara.

Kosa la kawaida: kununua tiketi kwa mpiga debe aliyekudaka mlangoni. Atakuandikia namba ya siti iliyokwisha uzwa, na usiku huo utakuwa na ugomvi badala ya usingizi.

2. Soma saa ya tiketi mara mbili.

Tiketi imeandikwa kwa saa za Kizungu. 8:00 PM ni saa mbili usiku, si saa nane. 22:00 ni saa nne usiku. Baya zaidi ni 12:30 AM ya tarehe 15, ambayo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukifika stendi usiku wa tarehe 15 kuamkia 16, basi lako liliondoka jana. Nimemkuta binti wa Muheza analia Mombasa kwa kosa hilo hilo, na tiketi haikurudishwa. Saa zenyewe hazibadiliki: Tanzania, Kenya na Uganda tunakwenda saa moja.

3. Badili pesa kidogo mpakani, kwa utulivu.

Horohoro utazungukwa na wenye mabulungutu. Badili ya kukufikisha tu. Hesabu wewe wa mwisho, noti moja moja, na ukishahesabu usimrudishie eti "aongeze". Akizichukua tena mkononi, zinapungua. Kagua pia kama kuna noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya: zilikoma kutumika 30 Septemba 2019. Ukipewa moja, umepewa karatasi.

4. Tayarisha tumbo kuanzia mchana.

Chakula cha mwisho kizito kiwe saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Wali mtupu na samaki wa kuchoma, ndizi, mkate wa ajemi na chai isiyo na maziwa mengi: hivi vinakaa. Maharage, kabichi, pilau la mafuta na viazi karai vya stendi, ndugu yangu, viache vikusubiri urudi. Soda inajaza gesi. Chai nyingi na kahawa zinakuamsha na kukupeleka haja.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi, hasa kina mama, wanapojidhuru. Kwa kuogopa choo wanaacha kunywa maji kabisa tangu asubuhi. Wanafika Nairobi kichwa kinapasuka, midomo imekauka, miguu mizito. Kunywa maji ya kawaida mchana kutwa, punguza saa mbili za mwisho, nenda choo dakika chache kabla ya kupanda hata kama husikii haja, halafu ndani ya basi lowesha koo kwa fundo moja moja. Nusu lita inatosha mpaka asubuhi.

Kama unajijua gari linakutapisha, mwone mfamasia mapema akupe dawa inayokufaa. Nyingi humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari, maana ukishaanza kutapika haina kazi tena. Nyingine hulewesha usingizi, basi mwambie jirani akuamshe mkisimama. Mjamzito asimeze chochote bila kuuliza hospitali.

5. Gawa mizigo mafungu mawili.

Buti ni kwa vitu ambavyo hutavihitaji mpaka asubuhi. Kila kitu cha usiku kiwe mapajani au miguuni: sweta, kanga, maji, dawa, kopo. Pasi, kadi ya manjano na pesa kubwa vikae kwenye kibegi cha ndani ya nguo, wala si juu ya keria. Hela ya choo na chai iwe mfuko mwingine, ili usifungue ghala lako mbele ya watu. Dai risiti ya mzigo wa buti, upige picha mzigo wenyewe.

Safari yangu ya pili Kampala niliweka sweta kwenye buti, kwa sababu Mombasa nilikuwa natokwa jasho. Watu wa pwani tunadanganywa na jasho letu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipita njia ya Eldoret unapanda mpaka Timboroa, karibu mita 2,700. Saa tisa usiku kioo kilikuwa kinatoa umande kwa ndani, maji yanachuruzika yananiingia begani, meno yanagongana. Kwenye ufa wa dirisha upepo ulikuwa unapita kama mtu anayenipuliza shingoni makusudi. Nilimwomba konda anifungulie buti, akasema mpaka mpakani. Tangu siku hiyo sweta hupanda nami, na mwezi wa saba naongeza na kofia ya sufu.

6. Sali kabla, au jiandae kusali njiani.

Kwa Waislamu: ukiwa safarini unaruhusiwa kukusanya Magharibi na Isha, na Isha kuipunguza iwe rakaa mbili. Fanya hivyo stendi kabla ya kupanda, moyo utulie. Alfajiri ndiyo huwa inatukuta katikati ya njia. Mwambie konda mapema kwamba ungependa basi lisimame kituo chenye maji. Wengi ni waungwana ukiwaomba kabla, si wakati jua linachomoza.

7. Ijenge siti kabla taa hazijazimwa.

Panda mapema. Jaribu kama kiti kinalala na kama mkanda unafunga. Kenya ilitilia mkazo mikanda na vidhibiti mwendo tangu 2004, na hata pale ambapo hakuna anayekagua, funga. Usiku dereva akikanyaga breki ghafla umelala, hakuna mkono wa kujishika.

Halafu chukua kanga ya kwanza, ikunje mara nne kwa urefu, kisha isokote kama mkate wa kuviringisha, unene wa mkono wako wa juu. Ipachike pale mgongo unapoingia ndani, juu kidogo ya kiuno. Usiiweke mabegani wala chini ya makalio. Utahisi kifua kinafunguka na shingo inarudi nyuma yenyewe. Kanga ya pili jifunike kuanzia kidevuni, na pindo lake moja lizibe ule ufa wa dirisha. Viatu vilegeze, lakini usivivue ukavisukuma mbali. Basi likifunga breki huteleza mpaka kwa watu wa mbele, na usiku huwezi kuvitafuta.

Usilaze kichwa juu ya kioo moja kwa moja. Weka sweta ya akiba au mtandio katikati, la sivyo kila tuta litakugonga.

8. Amsha miguu kila saa.

Hapa ndipo jibu la miguu iliyovimba. Damu ya miguuni husukumwa kurudi juu na misuli ya shavu la mguu unapotembea; ukikaa saa nane bila kutikisika, inabaki chini. Kila ukizinduka, fanya hivi: visigino chini, inua vidole vya miguu mara ishirini. Kisha vidole chini, inua visigino mara ishirini. Zungusha vifundo. Usikunje nne, na usiweke begi zito chini ya mapaja likabana nyuma ya goti. Basi likisimama, shuka utembee hata kama hutaki choo.

9. Kwenye kituo, jua basi lako.

Kati ya Mombasa na Nairobi mabasi mengi husimama Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Mnashuka usiku wa manane, macho mekundu, na kuna mabasi sita yanayofanana. Kabla ya kushuka soma namba ya gari, au ipige picha. Muulize konda dakika ngapi. Muulize kwa maneno ya huko, maana ukimwambia mtu wa Nairobi unataka kuchimba dawa huenda akakuelekeza duka la dawa. Sema choo tu. Nenda choo kwanza, chai baadaye. Wengi hufanya kinyume, honi ikilia wako kwenye foleni ya msalani.

10. Mpakani, shuka na kila kilicho chako kidogo.

Ukielekea Kampala mtafika Busia au Malaba, kwa kawaida usiku mkubwa au alfajiri. Ni mipaka ya kituo kimoja kama Horohoro, yaani kutoka na kuingia kunamalizwa ndani ya jengo moja. Shuka na pasi, kadi, pesa na simu. Mfuate mtu wa basi lenu, usimfuate kijana anayesema ana njia ya mkato. Kabla ya kuondoka dirishani, fungua pasi uone muhuri na tarehe. Mihuri ikikosekana, shida utaipata siku ya kurudi, wakati hujui tena wa kumlaumu.

11. Ukifika giza bado lipo, kaa.

Basi likiingia Nairobi saa kumi na moja alfajiri, usitoke stendi. Kaa ofisini kwao mpaka kupambazuke, nawa uso, kunywa chai. Anayekupokea mpigie akiwa keshafika.

Mambo yakiharibika njiani

*Kichefuchefu kimeanza.* Acha simu mara moja, kusoma ndiko kunakoongeza. Angalia mbele kupitia kioo cha dereva kama unaweza, au funga macho kabisa, kichwa kikiwa kimetulia kwenye kiti. Nusa limau, tafuna tangawizi kidogo kidogo. Ukitapika, funga kopo, sukutua, na usinywe maji mengi kwa mkupuo. Fundo moja kila dakika chache.

*Haja imekubana na kituo ni mbali.* Usione haya. Nenda mbele ukamwambie konda kwa sauti ya chini, mapema, si wakati umeshashindwa. Mwanamke akishuka porini ashuke na mwenzake, ajizungushie kanga, na asiende mbali na taa za basi. Ile njia ya Mombasa na Nairobi inapita katikati ya mbuga za wanyama za Tsavo.

*Baridi imekuingia.* Magazeti au karatasi kati ya fulana na sweta huzuia upepo vizuri sana. Badili soksi kama zimelowa. Funika kichwa.

*Jirani anakulalia.* Usimsukume kwa hasira, mna saa nyingi pamoja. Mwamshe, "Samahani kaka, naomba ujiegemeze upande wa pili." Akirudia, weka begi dogo katikati ya mabega yenu. Akianza kukugusa kwa makusudi ni jambo jingine kabisa: simama, sema kwa sauti basi zima lisikie, na dai ubadilishiwe siti. Huna cha kumstahi.

*Mtu mkarimu anakupa biskuti au juisi.* Shukuru, sema umefunga au umeshiba. Wapo waliolishwa dawa za usingizi namna hiyo wakaamka hawana kitu.

*Basi limeharibika porini.* Shuka upande usio wa barabara, kaa mbali na nyuma ya basi, kwa sababu malori hayaoni mapema. Chukua kibegi chako. Usipande gari la kupita peke yako.

*Umeachwa kituoni.* Usilifukuze kwa pikipiki. Nenda kwa mhudumu wa hoteli ya kituo au kwenye basi jingine la kampuni ile ile, waonyeshe tiketi. Madereva wana simu za wenzao. Hapo ndipo utaona kwa nini pasi na pesa zilipaswa kuwa mwilini.

*Dereva anakimbiza au anasinzia.* Usinyamaze. Mwamshe konda, waamshe abiria wawili watatu, mwende pamoja mbele. Mtu mmoja hupuuzwa, watu wanne husikilizwa. Nimeshuhudia dereva akiombwa asimame, akanawa uso, akampisha mwenzake, tukafika.

*Mguu umevimba baada ya kufika.* Miguu yote miwili ikivimba kidogo bila maumivu, lala uiinue juu ya mto, tembeatembea, kesho hupungua. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma kwenye shavu, ukawa wa moto, au ukaanza kubanwa kifua na pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Linaweza kuwa donge la damu. Usichuliwe, wala usisubiri urudi Tanga.